Fuwele zinazosogeza lenzi kwa kipimo kisichoonekana, na maabara zetu za mashinani

MTAALAMU wa maabara anayechunguza damu ya mtoto mwenye homa huko Bumula, Kaunti ya Bungoma, hufanya kwa vidole vyake kazi ambayo mzazi anayengoja nje haioni. Jicho lake liko kwenye hadubini, na mkono wake mmoja hauachi kuzungusha gurudumu dogo lililo ubavuni mwa chombo hicho. Hulizungusha mbele kidogo, akalirudisha nyuma, kisha akalizungusha tena. Kila anapofanya hivyo, slaidi yenye damu huinuka au kushuka kwa kiasi ambacho hakuna rula inayoweza kukipima.

Hesabu yake ni hii. Katika hadubini nyingi za hospitali, mzunguko mmoja mzima wa gurudumu hilo husogeza meza ya slaidi kwa takriban mikromita 200, yaani sehemu ya tano ya milimita moja. Mikromita ni milimita iliyogawanywa mara 1,000, na unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100. Ukiligeuza gurudumu kwa digrii moja tu kati ya zile 360 za mduara, meza husogea kwa zaidi ya nusu ya mikromita.

Nayo lenzi inayotumiwa kutafuta vimelea vya malaria, ile inayokuza mara 100 na kuwekewa tone la mafuta kati yake na slaidi, huona wazi tabaka la unene usiofika hata mikromita moja. Mkono ukiteleza kwa digrii mbili au tatu, kimelea kilichokuwa wazi hugeuka doa, na doa hilo laweza kudhaniwa kuwa uchafu wa rangi.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Bumula. Bungoma ni mojawapo ya kaunti za ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria haikatiki mwaka mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika ukanda huo, watoto 27 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi sita hadi miaka 14 walikuwa na vimelea damuni. Uchunguzi kama huo ulipofanywa mwaka 2020, idadi ilikuwa imeshuka hadi 19. Ni nafuu, lakini ni nafuu ya mtu aliyetoka shimoni akafika ukingoni, maana kiwango cha nchi nzima mwaka huo kilikuwa sita kwa kila 100.

Kweli, siku hizi zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka, kile kikadi cha plastiki kinachodondoshewa damu ya kidole na kutoa mistari baada ya dakika 15 au 20. Kipimo hicho kimeokoa wengi na hakuna anayekibeza. Hata hivyo, kikadi hutafuta protini ya kimelea, wala hakihesabu vimelea vyenyewe, na aina inayotumika sana huendelea kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza dawa na kupona. Anayetaka kujua vimelea ni vingapi, ni vya aina gani, na kama vinapungua kadiri dawa inavyofanya kazi, bado hana budi kurudi kwenye hadubini.

Na hadubini inachosha. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtaalamu hapaswi kutangaza kwamba damu haina vimelea kabla ya kuchunguza angalau maeneo 100 ya slaidi, moja baada ya jingine. Damu iliyopakwa nene ina kina kinachozidi mara kadhaa kile ambacho lenzi inaweza kuona kwa mara moja. Hivyo basi, katika kila eneo kidole hulazimika kupanda na kushuka upya. Zidisha maeneo hayo kwa slaidi za siku moja wakati wa mvua za Aprili na Mei, nawe utaelewa kwa nini wahandisi wamekuwa wakiwazia mashine inayoweza kufanya kazi ya kidole hicho bila kuchoka.

Hapo ndipo linapojitokeza swali la makala haya: mashine itasogezaje kitu kwa sehemu ya mikromita, ikasimama pale pale ilipoagizwa, na kurudia hivyo mara elfu?

Gia na msuguano

Wazo la kwanza linalomjia mtu yeyote ni mota na gia. Lakini gia ina kasoro yake. Anayeendesha baiskeli anajua kwamba ukibadilisha mwelekeo wa pedali, mguu husafiri kidogo bure kabla ya mnyororo kukaza. Kati ya jino na jino pana mwanya. Kwenye baiskeli mwanya huo haumdhuru mtu, ila kwenye hadubini unaweza kuwa mkubwa kuliko seli nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni mikromita saba au nane tu.

Kasoro ya pili ni msuguano. Jaribu kusukuma gunia la mahindi kwenye sakafu ya saruji kwa upana wa kucha moja. Utasukuma, nalo litatulia. Utaongeza nguvu, bado litatulia. Kisha ghafla litaruka na kupita pale ulipokusudia. Chuma kinachoteleza juu ya chuma hufanya vivyo hivyo, hata kikipakwa grisi nzuri namna gani. Kadiri hatua inavyokuwa ndogo ndivyo mruko huo unavyokuwa adui mkubwa zaidi.

Njia ya kuepuka maadui hao wawili ni kuacha kabisa kutelezesha kitu juu ya kingine. Badala ya kusukuma lenzi kwa gurudumu, iegemeze kwenye kipande cha kitu kigumu, kisha ukifanye kipande hicho chenyewe kirefuke. Hakuna jino, hakuna grisi, hakuna kinachosuguana. Kinachohitajika ni kitu kinachoweza kurefuka na kufupika kwa amri.

Kitu hicho kipo, na majina yake yote hutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubana: piezo.

Sukari ya miwa

Mwaka 1880, ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa chaji za umeme kwenye nyuso zake. Pierre huyo ndiye aliyekuja kumwoa Marie, na wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa mnururisho. Katika orodha ya fuwele walizozijaribu mlikuwa na kwatzi, turmalini, topazi na, jambo litakalowafurahisha wakulima wa Bumula, sukari ya miwa.

Naam, sukari. Miwa inayokatwa Kabula au Kimaeti na ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikipelekwa kiwanda cha Nzoia huishia kuwa punje ndogo ndogo zenye pembe zilizochongeka. Kila punje ni fuwele yenye tabia hiyo. Sababu yake iko ndani ya mpangilio wa molekuli. Katika fuwele za aina hii, chaji chanya na chaji hasi hazikupangwa kwa ulinganifu kamili kuizunguka sehemu ya katikati. Ukiibana fuwele, chaji za aina moja husogea upande mmoja kuliko zile za aina nyingine, na umeme hujitokeza nje. Chumvi ya mezani haifanyi hivyo, kwa kuwa mpangilio wake ni sawa pande zote. Ukiibana, kila badiliko la upande mmoja hufutwa na lile la upande wa pili.

Punje za sukari hazifai kutengenezea mashine, maana umeme wake ni hafifu na huyeyuka kwenye maji. Lakini tabia yenyewe iko majumbani mwetu. Meko ya gesi yenye kitufe cha kubonyeza, ile inayolia “ta!” na kutoa cheche, haina betri. Ndani ya kitufe mna springi na nyundo ndogo inayogonga kipande cha kauri ya piezo, na pigo hilo moja huzalisha volti elfu kadhaa, zinazotosha kuruka hewani kama cheche. Viberiti vya gesi vya kubonyeza hutumia hila hiyo hiyo.

Wakenya wengi waliwahi kusikia habari za fuwele hizi kupitia kwa mvumbuzi kijana Anthony Mutua, aliyeonyesha jijini Nairobi kifaa chembamba cha kutiwa katika soli ya kiatu ili hatua za mtembezi zizalishe umeme wa kuchaji simu. Mazungumzo ya wakati huo yalikuwa juu ya umeme wa bure. Kwa maoni yangu, nusu ya pili ya habari, ile isiyozungumzwa sana, ndiyo yenye maajabu zaidi.

Nusu hiyo ni kinyume cha ile ya kwanza. Mwaka 1881, mwanafizikia Gabriel Lippmann alitabiri kwa hesabu kwamba ikiwa fuwele ikibanwa hutoa umeme, basi fuwele ikipewa umeme lazima ijikunje au ijinyooshe. Ndugu wa Curie walijaribu, wakathibitisha mwaka huo huo. Kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde ndani ya saa ya mkononi hutetemeka kwa sababu hiyo. Kile kifaa ambacho mhudumu wa hospitali hupitisha juu ya tumbo la mama mjamzito ili kumwona mtoto pia kina safu ya vipande vya piezo. Umeme hutetemesha vipande hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde ili vitoe sauti isiyosikika, kisha vipande vivyo hivyo hupokea mwangwi na kuugeuza kuwa umeme tena. Kipande kimoja huwa kinywa na sikio.

Katika saa na katika kifaa cha kupimia mimba, fuwele hutetemeka. Katika kusogeza lenzi, huambiwa irefuke kiasi fulani na ikae hapo.

Kauri ya tabaka nyingi

Vifaa vya kusogezea havitumii kwatzi, kwa kuwa urefukaji wake ni mdogo mno. Tangu miaka ya 1950, wahandisi wametumia kauri iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, zirkoni na titani. Unga wa madini hayo hukandwa, ukafinyangwa na kuchomwa kwenye tanuri, takriban kama chungu. Lakini kauri ikitoka tanurini huwa na chembe nyingi ambazo kila moja imeelekea upande wake, na kwa hiyo nguvu zake hukatana. Hupashwa moto tena na kuwekewa umeme mkali, nazo chembe zikageuka kuelekea upande mmoja mithili ya askari waliosikia amri ya gwaride. Ikipoa, hubaki hivyo.

Hata kauri hii haina papara. Ikipewa umeme wa kutosha, hurefuka kwa takriban sehemu moja tu katika 1,000 ya urefu wake. Nguzo ya sentimita moja huongezeka mikromita 10. Isitoshe, kipande kimoja cha sentimita nzima kingehitaji volti 10,000 hivi ili kifanye hivyo, na hakuna anayetaka umeme wa namna hiyo karibu na slaidi ya damu.

Wahandisi wakapata jibu: waliikata nguzo kuwa tabaka nyembamba, kila moja ikiwa na unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, wakaweka utando wa madini kati ya tabaka na tabaka, kisha wakazipanga kama chapati kwenye sahani. Kila tabaka hupokea umeme wake peke yake. Sasa volti 100 zinatosha kurefusha nguzo nzima kwa mikromita zile zile 10, maana tabaka 100 hurefuka kwa pamoja.

Ukipunguza umeme kutoka volti 100 hadi volti moja, mwendo nao hupungua hadi takriban sehemu moja ya kumi ya mikromita, yaani nanomita 100. Ukizidi kupunguza, unaingia kwenye nanomita moja moja. Ili msomaji apate picha ya nanomita, azingatie kwamba kucha ya kidole chake hukua kwa takriban nanomita moja kila sekunde. Kifaa cha piezo kinaweza kuagizwa kisogee umbali ambao kucha hukua katika muda wa kutamka neno moja, kikasogea mara hiyo hiyo, bila kusaga wala kuchakaa.

Uthibitisho mkubwa wa uwezo huo ulipatikana mjini Zürich, Uswisi, mwaka 1981. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa kampuni ya IBM walitumia piezo kuipeleka ncha ya sindano karibu na uso wa kitu kiasi kwamba elektroni zilianza kuvuka pengo lililobaki. Umeme huo unaovuka hubadilika takriban mara 10 pengo likibadilika kwa sehemu moja ya kumi ya nanomita. Kwa kuipitisha sindano juu ya uso huku piezo ikiinua na kushusha ncha ili umeme usibadilike, walichora ramani ya atomu moja moja. Mwaka 1986 walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Ernst Ruska, aliyeunda hadubini ya elektroni. Mwaka 1989, Don Eigler wa kampuni hiyo hiyo huko California alizisogeza atomu 35 za gesi ya zenoni kwa ncha ya sindano na kuandika nazo jina la mwajiri wake.

Piezo ina inda zake, na muuzaji aghalabu hazitaji. Kwanza, haina kumbukumbu safi. Ukiipandisha hadi volti 50 kisha ukaifikia volti 50 hiyo hiyo kwa kushuka kutoka 100, hutaikuta mahali pamoja. Tofauti yaweza kufika sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za mwendo wote. Pili, ikishafika mahali, huendelea kutambaa kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana vifaa vizuri huwekewa kipimaji, aghalabu vibamba viwili vya chuma visivyogusana, ambavyo umeme wake hubadilika pengo kati yao likipanuka au kupungua. Kipimaji huiambia mashine lenzi iko wapi hasa, nayo mashine hurekebisha volti papo hapo. Kipimaji hicho pamoja na mitambo yake ndicho kinachopandisha bei.

Kisha pana suala la masafa. Mikromita 10 hazitoshi kwa kazi nyingi za hadubini. Kwa hiyo nguzo ya piezo huwekwa ndani ya fremu ya chuma iliyokatwa kwa namna ambayo baadhi ya sehemu zake ni nyembamba kama shingo. Nguzo ikisukuma, shingo hizo hupinda kidogo, na mkono wa fremu, kama wenzo wowote, huukuza mwendo hadi mikromita 100 au hata 400. Angalia kwamba hapa pia hakuna bawaba wala mpira wa chuma unaobingirika. Fremu ni kipande kimoja, nacho husogea kwa kupinda.

Plastiki ya Bagamoyo

Nimeitaja fremu hiyo makusudi, maana ndiyo iliyofungua njia ya bei nafuu. Kifaa cha piezo cha kuinua na kushusha lenzi moja, pamoja na kipimaji na mtambo wa kukiendesha, hugharimu maelfu ya dola. Fedha hizo ni mamia ya maelfu ya shilingi zetu, kwa kufanya kazi ya gurudumu moja. Katika maabara ya utafiti inayochunguza chembe hai zikigawanyika, bei hiyo ina maana. Katika hospitali ya kaunti ndogo ambayo wakati mwingine huishiwa na rangi ya Giemsa ya kupakia slaidi, mtu anayependekeza ununuzi huo angestahili kuulizwa maswali.

Lakini je, kuna ulazima wa piezo? Slaidi ya malaria haihitaji nanomita moja. Inahitaji hatua ambazo ni ndogo zaidi ya kile kina cha lenzi kisichofika mikromita moja. Ikiwa tutaacha kauri na kubaki na lile wazo la pili, la kusogeza kwa kupinda, mambo hubadilika.

Mwaka 2016, watafiti wa Cambridge na Bath nchini Uingereza, akiwemo Richard Bowman, walichapisha maelezo ya meza ya hadubini iliyotengenezwa kwa plastiki kwa kutumia printa inayojenga umbo tabaka kwa tabaka. Meza nzima, pamoja na miguu na mikono yake inayopinda, hutoka kwenye printa ikiwa kipande kimoja. Husogea milimita nane kushoto na kulia, nane mbele na nyuma, na nne juu na chini. Skrubu za kawaida huivuta mikono hiyo, na mota ndogo za bei ya chini huzungusha skrubu. Kwa kuwa mkono unaopinda hauna msuguano wa kuruka ruka, hatua moja ya mota husogeza slaidi kwa chini ya nanomita 100. Ilipoachwa kwa wiki nzima bila kudhibiti joto la chumba, meza hiyo ilihama kwa chini ya mikromita 20.

Plastiki! Vitu tulivyozoea kuviona vikivunjika kabla ya kufika nyumbani kutoka sokoni.

Muundo huo, uitwao OpenFlexure, ulichapishwa bila kufungiwa haki za siri, mtu yeyote akiwa huru kuutengeneza. Walioushika kwa mikono miwili ni majirani zetu. Taasisi ya Afya ya Ifakara, kupitia kituo chake cha Bagamoyo, iliingia katika mradi ili kuujaribu kwa slaidi za malaria, na karakana ya STICLab ya Dar es Salaam ikajenga hadubini hizo papo hapo nchini Tanzania. Kufikia mwaka 2020, zaidi ya hadubini 100 za muundo huo zilikuwa zimetengenezwa Tanzania na Kenya. Ile yenye mota, kamera, kompyuta ndogo na lenzi nzuri iligharimu pauni mia chache, na sehemu ikivunjika, nyingine huchapishwa siku hiyo hiyo badala ya kungoja meli.

Gia na skrubu zake bado zina ule mwanya tulioutaja. Programu yake huukwepa kwa ujanja wa fundi mzoefu: haifiki mahali kwa kushuka mara moja na kwa kupanda mara nyingine, bali hupita kidogo, ikarudi, na kufika daima kutoka upande mmoja.

Na inajuaje kwamba taswira iko wazi? Hapa kuna hila iliyonipendeza. Kamera hutuma picha zikiwa zimefinywa ili kupunguza ukubwa wa faili. Picha yenye ukungu ni rahisi kufinywa, kwa kuwa haina mambo mengi, hivyo faili yake huwa ndogo. Picha kali, yenye kingo za seli na pete za vimelea, hukataa kufinyika, na faili yake huwa kubwa. Mota hupitisha slaidi juu na chini, kompyuta hutazama ukubwa wa faili tu, na pale ukubwa unapofikia kilele, mashine hurudi na kusimama. Hakuna haja ya kompyuta yenye nguvu nyingi, na kazi hiyo huchukua sekunde chache.

Isieleweke kwamba Bumula inaweza kesho kuagiza hadubini ya plastiki na kuanza kutoa majibu ya wagonjwa. Kifaa cha kutambua ugonjwa huhitaji kuidhinishwa na mamlaka za afya, na hadubini hizi zimekuwa zaidi za utafiti na mafunzo. Plastiki inayotumika sana katika printa hizo huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na gari lililoegeshwa juani laweza kufika huko. Aidha, mashine ikishapiga picha kali, bado anahitajika mtu, au programu iliyothibitishwa, wa kusema lile pete ni kimelea na lile ni doa la rangi.

Lakini afisa wa ununuzi akiletewa mashine ya kusoma slaidi inayojisifu kwa usahihi wa nanomita, kuna mambo machache ya kumuuliza muuzaji. Nguzo za piezo zilizofunikwa kwa gundi ya plastiki huharibiwa na unyevu zikiachwa chini ya volti kwa muda mrefu, na Bungoma si jangwa. Zilizofunikwa kwa kauri hustahimili zaidi. Kauri hiyo hustahimili kubanwa kwa nguvu kubwa, ila huvunjika kirahisi ikivutwa au kupinda, kwa hiyo safari ya lori kwenye barabara ya murram ina hatari yake. Na aulize kipimaji kikiharibika, nani atakirekebisha, na akiwa mji gani.

Pia aulize kuhusu umeme. Nguzo ya piezo hushikilia mahali ilipo kwa sababu ina volti. Stima zikipotea na chaji ikaisha, hurudi kwenye urefu wake wa awali, na lenzi hupoteza pale ilipokuwa. Skrubu hukaa pale ilipoachwa. Na ile hadubini kongwe ya kuzungushwa kwa kidole, kama bado ina kile kioo cha duara cha kuakisi mwanga chini ya meza, huwekwa dirishani na kuendelea kusoma slaidi hadi jua litue.